Skafu za Mitindo ya Zilipendwa: Kasoro za Kitanda cha Mfumi na Vyanzo Vyake

Kasoro ya skafu iliyofumwa kwa mkono huwa na mwelekeo, na mwelekeo huo ndio unaokuonyesha pa kuanzia. Kasoro inayokwenda na urefu wa kitambaa imetoka kwenye mtande, yaani zile nyuzi za urefu zilizofungwa kabla hujaanza kufuma. Inayokatiza upana imetoka kwenye mshindio, uzi unaopita kulia na kushoto, au kwenye mkono unaousukuma. Ikiwa pembeni peke yake, angalia namna mshindio unavyogeuka. Na kama skafu ilikuwa safi kabisa kwenye kitanda cha mfumi, yaani chombo cha kufumia, halafu ikaharibikia kwenye beseni, chanzo ni uzi wenyewe: rangi yake, aina yake, au ulikopitia kabla haujafika mikononi mwako.

Nayasema haya mapema kwa sababu wafumaji wengi ninaokutana nao hapa Tabora hukimbilia kulaumu kitanda. Fundi seremala anaitwa, mbao zinapigwa randa upya, kitana cha kupitishia nyuzi kinabadilishwa, na tatizo linabaki palepale. Kitanda cha mninga uliokaushwa vizuri mara chache huwa na kosa. Mninga haupindi ovyo majira yanapobadilika, na ndiyo maana mafundi wetu wanaupenda.

Kazi ninayoizungumzia ni skafu za mitindo ya zilipendwa. Mteja anakuja na picha ya studio ya miaka ya 1960 au 1970, nyeusi na nyeupe, mama yake amejifunga skafu ya mistari shingoni, naye anataka ya namna ile. Wengine wameona mitindo ya Ulaya ya miaka ya 1920, skafu ndefu nyembamba zenye matamvua marefu. Wengine wanataka vimraba vya rangi mbili. Zote zina sifa moja inayomtaabisha mfumaji: ni ufumaji wa kawaida, juu na chini, rangi mbili au tatu, bila nakshi ya kufichia kosa. Uzuri wake uko kwenye mistari iliyonyooka na kitambaa kinacholala shingoni bila kulazimishwa. Ndiyo maana kasoro ndogo inayosameheka kwenye zulia la mlangoni haisameheki hapa.

Kitanda ninachokizungumzia ni kile kidogo cha mezani, chenye kitana kimoja cha matundu na mianya: uzi mmoja wa mtande unapita kwenye tundu, unaofuata unapita kwenye mwanya. Ukiinua kitana mdomo unafunguka, yaani nafasi kati ya nyuzi ya kupitishia mshindio, ukikishusha unafunguka mdomo mwingine.

Mtande unakatika, hasa kuanzia Agosti

Ukiona nyuzi zinakatika moja hapa, moja pale, bila mpangilio, na uzi huohuo ulifumika vizuri mwezi Machi, usihangaike na kitana. Ni hewa. Pamba inalimwa Igunga na Nzega, na Wanyamwezi walifuma nguo za pamba muda mrefu kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, kwa hiyo uzi wa pamba hauna ugomvi na mkoa huu. Ugomvi wake ni na ukavu. Tuko juu kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, mvua zinaisha Aprili au mwanzoni mwa Mei, na mpaka zirudi Novemba hewa inazidi kukauka. Pamba hupata nguvu ikiwa na unyevu. Ikikauka sana hukatika upesi, vinyweleo vyake vinasimama, na kila kitana kinapokwenda na kurudi vinakwanguliwa mpaka uzi unalika.

Kuthibitisha ni rahisi. Kata nyuzi mbili za urefu wa mkono kutoka kwenye fungu lilelile. Moja ivute mpaka ikatike. Ya pili ipitishe kwenye sifongo yenye unyevu, ukamue, uvute. Ukisikia wazi kwamba ya pili imekataa kukatika kwa nguvu ileile, umeshapata jibu.

Dawa ya kwanza haina gharama: mwagia maji sakafu asubuhi, tandika gunia bichi chini ya kitanda, na usikae karibu na dirisha la upande wa upepo. Fuma kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi, kisha mchana fanya kazi nyingine, kama kusokota matamvua au kupima mtande mpya. Usiku funika mtande kwa khanga yenye unyevu kidogo. Iwe na unyevu tu, isichuruzike, la sivyo mkazo utabadilika na asubuhi utakuta nyuzi zimelegea.

Dawa ya pili ni wanga. Kijiko kimoja cha chakula cha unga wa muhogo kwenye lita moja ya maji. Koroga kwanza kwenye maji baridi ili usipate madonge, kisha chemsha mpaka ule weupe upotee na uji uwe mwepesi unaoteleza. Uchuje. Chovya nyuzi za mtande zikiwa bado kwenye fungu, zikamue sana, zining'inize, na kabla hazijakauka kabisa zitenganishe kwa vidole. Ukiacha zikauke zimeshikana utazikata wakati wa kuzitenganisha. Wanga huu unatoka wote ukifua skafu. Masika usiutumie: hauhitajiki, na uzi wenye wanga kwenye hewa ya mvua huota ukungu na kuita wadudu.

Nta ya nyuki tunayo kwa wingi, Sikonge kwa wafuga nyuki ipo karibu. Naipenda kwa kusugulia mianya ya kitana na nyuzi mbili tatu za pembeni zinazosuguliwa kuliko zote. Zaidi ya hapo siishauri. Nta haitoki kwa maji baridi, maana huyeyuka kwenye joto linalozidi kidogo nyuzijoto 60, na uzi wenye nta hautashika rangi ukitaka kuutia baadaye.

Sasa, kama nyuzi zinakatikia mahali palepale kila mara, hadithi ni nyingine. Hapo kitana kina kikwaruzo. Chukua kipande kidogo cha pamba mbichi, kipitishe taratibu kwenye kila tundu na kila mwanya. Patakapobaki kinyweleo, hapo ndipo. Kunja msasa laini, namba 400, uuchomeke mahali hapo mpaka pamba ipite bila kushikwa.

Uzi uliokatika haufungwi fundo katikati ya kitambaa. Kata uzi mpya wa rangi ileile, mrefu wa kutosha kumaliza skafu. Mwisho mmoja ufunge kwenye nati kubwa na uiache ining'inie nyuma ya kitanda. Mwisho mwingine upitishe kwenye tundu la uzi uliokatika, uulete mbele. Chomeka pini kwenye kitambaa sentimita tatu hivi kutoka pale mshindio wa mwisho ulipolala, uzungushie uzi mpya kwenye pini kwa umbo la nane, ukiukaza mpaka ulingane na majirani zake. Uguse kwa kidole: ukibonyea zaidi ya wenzake, kaza tena. Endelea kufuma. Skafu ikitoka kwenye kitanda, ncha za uzi wa zamani na mpya zinapitishwa kwa sindano sambamba na nyuzi za mtande, zipishane kama sentimita tatu, kisha zinakatwa baada ya kufua.

Skafu inabana kiunoni

Umeanza na upana wa sentimita 25. Ukifika nusu mita unapima sentimita 21, na nyuzi za pembeni zimeanza kukatika. Wengi hutibu kukatika kwa nyuzi za pembeni na kuacha ugonjwa. Ugonjwa ni mshindio uliovutwa sana.

Binti mmoja aliniletea skafu ya namna hiyo ikiwa bado kwenye kitanda. "Mama, nimekaza vizuri kila mstari, mbona inazidi kuwa nyembamba?" Nikamwambia apitishe mshindio mmoja huku naangalia mikono yake. Alipitisha, akavuta mpaka uzi ukanyooka kabisa, ndipo akasukuma kitana. Alikuwa fundi cherehani kabla ya kuanza kufuma, na cherehani imemfundisha kwamba uzi mzuri ni uliokazwa. Kwenye kitanda cha mfumi mambo ni kinyume. Mshindio unapita juu ya uzi huu, chini ya ule, juu ya unaofuata. Njia hiyo ya kupanda na kushuka ni ndefu kuliko mstari ulionyooka. Usipoupa uzi urefu wa ziada, utaukopa kwenye upana.

Kwa hiyo: pitisha mshindio, shika ukingo kwa vidole viwili ili uzi ugeuke bila kuacha kitanzi wala kuubana, halafu uache uzi ulale kwa mshazari ndani ya mdomo, ukipanda kuelekea upande unaotokea. Ndipo usukume kitana. Mkono ukizoea, pembe hiyo unaiona kwa jicho. Kwa anayeanza, iwe karibu theluthi moja ya pembe mraba. Kwa skafu pana zaidi ya sentimita 30, tengeneza kilima katikati badala ya mshazari mmoja.

Kupungua kidogo ni kawaida. Skafu ya sentimita 25 ikipungua sentimita moja au mbili na ikabaki hapohapo mpaka mwisho, hakuna ubaya. Kinachoonekana machoni ni kubadilikabadilika. Weka futi ya fundi cherehani shingoni na upime kila baada ya sentimita 10. Ukigundua kosa baada ya kufuma kipande kifupi, fumua. Ukijaribu kurudisha upana kwa ghafla, kitambaa kitakuwa na bega, na bega hilo haliondoki kwa pasi.

Wapo wanaotumia mti wa kupanulia kitambaa, unaoshika kingo zote mbili kwa meno. Kwa mazulia na mashuka ni chombo cha maana. Kwa skafu laini mimi siutaki, kwa sababu meno yake huacha matundu.

Ikiwa ukingo mmoja unalegea na mwingine ni mzuri, nyuzi za pembeni hazikukazwa sawa wakati wa kufunga mtande. Usifungue mtande wote. Zitenge nyuzi tatu za upande unaolegea, zifunge nyuma kwenye chupa ya nusu lita yenye maji robo, uiache ining'inie. Ongeza au punguza maji mpaka zilingane na nyingine. Uzuri wa chupa ni kwamba uzito unarekebishika kidogo kidogo, jambo ambalo jiwe haliwezi kukupa.

Nyuzi za katikati zimelegea

Kasoro hii inatoka siku ya kwanza, wakati wa kuviringisha mtande kwenye mti wa nyuma. Tabaka la juu likizama ndani ya tabaka la chini, uzi uliozama unakuwa na safari fupi na wenzake ndefu. Weka karatasi ngumu kati ya tabaka na tabaka, pana kuliko mtande wenyewe kwa sentimita mbili tatu kila upande. Kalenda za zamani zinafaa sana. Karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji nayo inafaa, ila ipanguswe mpaka isiache vumbi hata kidogo. Magazeti ni laini mno, na wino wake unahamia kwenye uzi mweupe.

Kama umeshaanza kufuma, chomeka kijiti chembamba chini ya nyuzi zilizolegea tu, kwenye mti wa nyuma. Kitakufikisha mwisho.

Mistari mizito na myepesi inayokatiza upana

Inua skafu mbele ya dirisha. Ukiona utepe uliosongamana, kisha utepe unaopitisha mwanga, kisha uliosongamana tena, mkono wako haukusukuma kwa nguvu moja. Lakini angalia tepe hizo ziko wapi. Mara nyingi zinaangukia pale ulipoacha kazi jana na kuanza leo, au pale ulipoviringisha kitambaa mbele. Mtande ulioachwa umekazwa usiku kucha unalegea. Ukianza asubuhi bila kurudisha mkazo uleule, mishindio ya kwanza inasongamana.

Legeza mtande kila unapomaliza kazi. Ukirudi, kaza, kisha hesabu mishindio ndani ya inchi moja ya kitambaa cha jana na ulinganishe na inchi ya kwanza ya leo. Viringisha kitambaa mbele mara kwa mara, kila sentimita tano au sita, ili kitana kigonge kikiwa mahali palepale. Na kwa skafu, neno "gonga" lenyewe ni zito mno. Kitana kinausogeza mshindio mpaka mahali pake, basi.

Kukiwa na utepe wa rangi iliyofifia badala ya utepe uliosongamana, umebadilisha fungu la uzi lililotiwa rangi siku nyingine. Ukilazimika kutumia mafungu mawili yasiyolingana, yapishanishe mstari kwa mstari kwa kipande kirefu, na jicho halitaona pa kukamata.

Vimraba havikai mraba, na ruwaza imepotea

Hapa ndipo skafu za zilipendwa zinapotofautiana na skafu yoyote, na ningependa tukae kidogo.

Mstari wa mtande wa sentimita nne unataka mstari wa mshindio wa sentimita nne. Mfumaji anahesabu: nyuzi 16 kwa mtande, basi mishindio 16. Kitambaa kinatoka na mistatili. Kuhesabu kunasaidia tu kama msongamano wa mshindio ni sawa na wa mtande. Mraba ukitoka mfupi, unasukuma kwa nguvu. Ukitoka mrefu, unasukuma kidogo mno. Kata kipande cha boksi chenye ukubwa kamili wa mraba unaoutaka, ukiweke juu ya kazi, upime kwa hicho. Legeza mtande kabla ya kupima, kwa sababu kitambaa kilichovutwa ni kirefu kuliko kitakavyokuwa kikitolewa. Isitoshe, pamba ikifuliwa hupungua zaidi kwa urefu kuliko kwa upana, kwa hiyo mraba kamili kwenye kitanda unakuwa mfupi baada ya kufua. Kiasi cha kuongeza unakipata kwenye kipande cha majaribio ulichokifua mwenyewe kwa uzi huohuo.

Sasa ile ruwaza ya vijiti vilivyolala na vilivyosimama, inayofanywa kwa rangi mbili tu. Mtande unafungwa mweusi, mweupe, mweusi, mweupe. Ukifika mpakani mwa sehemu moja ya ruwaza na nyingine unaweka nyuzi mbili za rangi moja pamoja, kisha mpangilio unaendelea ukiwa umegeuka. Mshindio unafuata utaratibu uleule. Kitambaa kinatoka kama kimetungwa kwa ustadi mkubwa, kumbe ni ufumaji wa kawaida kabisa. Ruwaza hii ikikugomea kuna dalili tatu.

Ukiona mstari wa rangi moja unaokwenda na urefu mahali ambapo hakuna mpaka, na mwingine wa rangi ya pili karibu yake, nyuzi mbili zimebadilishana nafasi: ya tundu imeingia kwenye mwanya, ya mwanya imeingia kwenye tundu. Zifungue mbele, zibadilishe, zifunge tena. Ikiwa umeshafuma sentimita chache tu, fumua na uanze upya, kwa maana kosa hilo litakwenda nawe mpaka mwisho wa skafu.

Ukiona mstari unaokatiza upana, umepitisha rangi moja mara mbili bila kukusudia. Fumua mpaka hapo.

Ruwaza nzima ikififia, vijiti visitambulike, kagua unene wa nyuzi na tofauti ya rangi. Kahawia na wekundu wa kuiva vinatofautiana mkononi lakini vikichanganyika juu na chini vinakuwa rangi moja. Piga picha ya mafungu mawili kwa simu, uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Yakionekana ya kijivu kimoja, chagua rangi nyingine. Picha za zamani ambazo wateja wanatuletea zinatufundisha jambo hilohilo: kinachoonekana pale ni mwanga na giza, si rangi.

Vile vimraba vyenye meno, vilivyotokea Uskoti na kuenea kwenye makoti na skafu dunia nzima, vinahitaji kitanda chenye fremu nne za kuinulia nyuzi: uzi unapita juu ya mbili na chini ya mbili, mtande na mshindio vikipangwa nyuzi nne nyeusi, nne nyeupe. Kitanda cha kitana kimoja, kikitumika hivi tulivyokieleza, hakiwezi, na mteja aambiwe hivyo. Unachoweza kumpa ni mbili nyeusi, mbili nyeupe, kwa urefu na kwa upana. Utapata vimeno vidogo vinavyofanana na vile, na shingoni vinapendeza.

Ngumu kama mkeka

Skafu ya aina hii haiteremki, inasimama shingoni. Kama haijafuliwa bado, ifue kwanza kabla ya kuhukumu, kwa sababu kitambaa kinachotoka kwenye kitanda siku zote ni kigumu. Kama imeshafuliwa na bado inasimama, nyuzi zilisongamana mno tangu mwanzo.

Zungushia uzi wako kwenye rula, zamu kwa zamu, zigusane bila kubanana, kwa urefu wa inchi moja. Hesabu. Tuseme ni 20. Ufumaji wa kawaida unahitaji nafasi ya mshindio kupita kati ya nyuzi, kwa hiyo gawanya kwa mbili: nyuzi 10 kwa inchi. Hicho ni kipimo cha kitambaa thabiti. Kwa skafu punguza tena, 8 au 9. Mishindio nayo iwe idadi hiyohiyo. Ukiwa kwenye kitanda, kitambaa kitaonekana kimeachana kiasi cha kukutia wasiwasi, na hapo ndipo wengi wanapoanza kusukuma kwa nguvu. Usisukume. Ukifua, uzi unavimba na kuziba nafasi zile.

Kitu cha kufanya na skafu ambayo tayari ni ngumu hakipo kikubwa. Kuipiga pasi ya mvuke na kuisugua mikononi kutailainisha kiasi. Iuze kama kitambaa cha mezani.

Uzi wa sweta za mitumba

Napenda uzi huu kwa moyo wote. Sweta nzuri ya sufu kwenye mnada wa mitumba bei yake ni ndogo kuliko uzi mpya wa kuagiza Dar es Salaam au Mwanza, na rangi zake zilizopoa zinaikaribia picha ya zamani kuliko rangi yoyote ya dukani. Matatizo yake yanajulikana.

Uzi unatoka vipande vifupi vifupi: sweta ilikatwa kwa mkasi kiwandani na kushonwa kwa mashine ya kuzungushia kingo. Kabla hujanunua, igeuze ndani nje na utazame mshono wa ubavuni. Ukiona ukingo umekatwa na kuzungushiwa nyuzi nyingi, iache. Ukiona pande mbili zimeunganishwa kwa uzi mmoja unaoweza kuuvuta, nunua.

Kitambaa kinajikunjakunja: uzi umefumwa ukiwa bado na mawimbi ya sweta. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uloweke maji ya vuguvugu, uning'inize na uzito mwepesi mpaka ukauke.

Mtande unakatika kila dakika: uzi uliokwisha kuvaliwa umechoka. Utumie kwa mshindio, na mtande weka pamba mpya.

Hujui ni uzi gani: choma ncha. Pamba inanuka karatasi na kuacha majivu laini. Sufu inanuka nywele zilizoungua, na masalia yake yanasagika vidoleni. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kipimo hiki usikiruke, kwa sababu aya inayofuata yote inakitegemea.

Imeharibikia kwenye beseni

Mistari mingine imejikunja na mingine imelala: umechanganya pamba na akriliki. Pamba imepungua, akriliki imebaki ilivyo. Hakuna pasi itakayozipatanisha. Sufu iliyosuguliwa kwenye maji ya moto nayo hujibana na kuwa nzito; ifuliwe maji ya vuguvugu bila kusuguliwa, na isihamishwe ghafla kutoka maji ya moto kwenda baridi.

Nyekundu imeingia kwenye nyeupe: usiianike! Rangi iliyokimbia ikikauka imeshika. Ikiwa bado mbichi na ni ya pamba, itumbukize kwenye maji ya moto mengi yenye sabuni ya unga, iwe na nafasi ya kuelea, uiache saa kadhaa, ubadilishe maji mpaka yabaki meupe. Chumvi na siki, ambazo kila mtu atakushauri, hazifungi rangi ya pamba iliyokwisha kutiwa vibaya. Njia ya uhakika ni kuzuia: kabla ya kufunga mtande, lowesha kipande cha kila uzi wa rangi, ukibane kwenye kitambaa cheupe usiku kucha. Kitakachoacha alama, fungu lote lifuliwe mpaka maji yatoke safi.

Nyeupe imekuwa ya manjano: mara nyingi ni maji ya kisima yenye chuma. Suuza kwa maji ya mvua uliyokinga, au ya bomba.

Matamvua yanafumuka, na urefu haukutosha

Skafu ya sentimita 180 haitoki kwenye mtande wa sentimita 180. Ongeza asilimia 15 kwa ajili ya kupinda kwa uzi na kupungua kwenye maji, hapo ni 207. Ongeza tena kama sentimita 50 za kufungia mbele na nyuma, ambazo sehemu yake ndiyo itakuwa matamvua. Funga mtande wa mita 2.6 na hutajuta.

Mteja anayetaka ile ndefu ya miaka ya 1920, muulize kwanza anasafiri kwa chombo gani. Mcheza dansi Isadora Duncan alikufa Nice, Ufaransa, Septemba 1927, baada ya skafu yake ndefu kunaswa na gurudumu la gari alilopanda. Hapa kwetu ni bodaboda, na mnyororo na spoku ziko wazi. Kwa anayepanda pikipiki kila siku mimi nafuma zisizozidi sentimita 150 pamoja na matamvua, na ninamwambia sababu.

Matamvua yanayofumuka yalisokotwa kwa mwelekeo mmoja tu. Gawanya nyuzi katika mafungu mawili madogo ya nyuzi tatu tatu. Tazama uzi wako ulisokotwa kuelekea wapi, na kila fungu ulisokote zaidi kuelekea hukohuko, mpaka lianze kujipinda lenyewe ukililegeza. Yaweke pamoja, uyasokote yote mawili kuelekea upande wa pili, kisha funga fundo mwishoni. Ukiachia na yakabaki yametulia, umepata. Yakizunguka kurudi, mzunguko wa kwanza haukutosha. Fungua fundo na uongeze.

Acha nchani sentimita mbili za ziada chini ya kila fundo. Fua, anika kivulini ikiwa imelazwa, ndipo uweke rula na mkasi mkali uyakate yawe sawa. Ukiyakata kabla ya kufua, hayatalingana tena.